Valvu zinakufa, sauti haieleweki: kutafuta kosa kwenye mzigo wa transfoma ya sauti

Kijana mmoja mpiga gitaa aliniletea amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake: valvu mbili za EL84 (chupa za kioo zinazokuza sauti) kwa mtindo wa pushi-puli, yaani zinapokezana zamu, lehemu safi, nyaya zimelazwa kama mistari ya daftari.

"Shikamoo fundi. Valvu zinaniishia. Hii ni jozi ya tatu."

"Marahaba. Spika gani umefunga?"

"Mbili za gari, fundi."

"Umeziunga vipi?"

"Sambamba."

Bisibisi sikuigusa. Spika za gari kwa kawaida ni omu 4, na mbili zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2. Transfoma yake ya sauti, ile inayounganisha valvu na spika, imeandikwa kiloomu 8 kwa omu 8. Valvu zilizotakiwa kuona mzigo wa kiloomu 8 zilikuwa zinaona kiloomu 2. Tuliziunga spika zilezile kwa mfuatano, zikawa omu 8, na amplifaya ikatulia siku hiyohiyo bila kubadilisha kifaa chochote.

Transfoma ya sauti haina omu zake yenyewe, na jambo hili ndilo linalowapotosha mafundi wengi, hata wenye mikono mizuri. Ile namba iliyo kwenye kibandiko ina sharti: utapata kiloomu 8 upande wa valvu endapo tu utafunga omu 8 upande wa spika. Transfoma yenyewe ina uwiano wa mizunguko ya waya, upande wa valvu kwa upande wa spika, basi. Uwiano huo ukiuzidisha kwa wenyewe, kisha ukazidisha kwa omu za spika, unapata mzigo ambao valvu inauona. Ukibadilisha spika, umebadilisha mzigo wa valvu, ingawa hukufungua kasha.

Waliozoea amplifaya za transista wana tabia moja inayowaponza hapa. Kwenye transista nyingi, kuwasha bila spika hakuna neno, na nyaya za spika kugusana ndiyo balaa. Kwenye valvu ni kinyume chake. Nyaya zikigusana kwa sekunde chache, mara nyingi utanusurika. Ukipiga gitaa kwa nguvu bila spika, unaweza kuipoteza transfoma.

Kabla ya kupima

Ndani ya kasha kuna volti 300 na zaidi, na kapasita za kuchuja umeme huzihifadhi hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Toa plagi, kisha shusha kila kapasita kubwa kupitia rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyoungwa kwenye waya wenye ganda zuri. Shikilia sekunde kadhaa, halafu hakikisha kwa mita kwamba volti zimeisha. Ukilazimika kupima huku umeme umewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni. Nawasisitizia vijana jambo hili kila mara, na sitaacha.

Pima uwiano, usisome kibandiko

Tafuta transfoma ndogo ya umeme ya zamani, ile nzito, inayotoa volti 12 za AC. Chaja nyepesi za siku hizi hazifai kwa sababu zinatoa DC. Amplifaya ikiwa haina umeme, valvu zimetolewa na spika imechomolewa, unga zile volti 12 kwenye ncha mbili za praimari (upande wa valvu) zinazokwenda kwenye anodi, yaani bamba la valvu linalopokea elektroni. Waya wa katikati uuache. Sasa pima volti za AC pande zote mbili. Usikisie kwamba upande wa praimari una 12, kwa sababu transfoma ndogo isiyobebeshwa mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa.

Tuseme praimari inasoma volti 13.8 na sekondari (upande wa spika) volti 0.48. Uwiano ni 28.75. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata kama 827. Kwa spika ya omu 8 mzigo ni takriban kiloomu 6.6, kwa omu 4 ni kiloomu 3.3, kwa omu 16 ni kiloomu 13.2. Transfoma ni ileile, na mizigo imekuwa mitatu.

Usigeuze kipimo hiki. Ukizipeleka volti 12 kwenye sekondari ya transfoma hiyo, upande wa pili zinatoka zaidi ya volti 340, na hizo zinaua.

Kama nyaya hazina alama, tumia kipimo cha omu kuzitambua. Praimari husoma makumi hadi mamia ya omu, sekondari husoma chini ya omu moja au karibu yake. Kwenye transfoma za Kimarekani waya mwekundu kwa kawaida ni wa katikati, bluu na kahawia zinakwenda kwenye anodi. Nusu mbili za praimari zikitofautiana kidogo, mathalani omu 110 na 130, usihangaike. Nusu iliyosukwa juu inazunguka njia ndefu zaidi, kwa hiyo imekula waya mwingi zaidi.

Spika nayo ipime. Ya omu 8 husoma kama 6 au 7 kwenye mita, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mita inaona waya tu. Impidansi yenyewe, yaani upinzani wa spika kwa sauti inayopita, hupanda na kushuka kulingana na noti, na karibu na mtikisiko wa asili wa spika inaweza kufika mara kadhaa ya ile iliyoandikwa. Ndiyo maana sioni sababu ya mtu kukosa usingizi kwa kuwa amepata 6.6 alipotaka 8. Naanza kuwa na wasiwasi pale mzigo unapofika mara mbili au nusu ya unaotakiwa.

Na unaotakiwa ni upi? EL84 moja kwa volti 250 inataka kama kiloomu 5.2, na 6V6 moja inataka 5. EL84 mbili kwa volti 300 zinataka 8 kati ya anodi na anodi. 6V6 mbili zinataka 6.6 hadi 8. EL34 mbili zinataka kama 3.4, na ukiweka nne unagawa kwa mbili, zinakuwa 1.7. 6L6GC mbili kwenye amplifaya za gitaa hukaa karibu na 4.

Anodi inawaka nyekundu

Zima taa, tazama valvu, na ujibu swali moja: inawaka hata gitaa likiwa kimya, au inawaka ukipiga kwa nguvu tu?

Kama inawaka kimyakimya, acha transfoma, haina kosa. Mzigo hauhusiki pale ambapo hakuna sauti inayopita. Pima volti za DC kwenye gridi ya kwanza ya valvu, pale sauti inapoingilia. Kwenye valvu yenye rezista ya kathodi (sehemu inayotoa elektroni) inatakiwa iwe sifuri. Ukikuta volti moja au zaidi upande wa chanya, kapasita inayoleta sauti kutoka hatua ya nyuma inavuja. Kapasita za karatasi na nta zilizong'olewa kwenye redio za kale ni wahalifu wa kudumu, nami sizirudishi kazini kabisa.

Kama inawaka ukipiga tu, shuku mzigo mdogo mno. Chukua zile EL84 mbili kwa volti 320. Valvu moja inaposhika zamu na mwenzake akazimika, inaona robo ya mzigo wa anodi kwa anodi, yaani kiloomu 2 kati ya zile 8. Anodi ikishuka hadi volti 50, mkondo wa kilele ni kama miliampia 135, na hapo ndipo wati zake 17 au 18 zinapotoka. Sasa shusha mzigo hadi 4: robo yake ni 1, na valvu inaombwa miliampia 270. Haiwezi kuzitoa. Anodi inabaki juu huku mkondo ni mkubwa, na zile wati ambazo zingekwenda kwenye spika zinageuka joto ndani ya chupa. EL84 imeruhusiwa wati 12 tu kwenye anodi. Sauti inapungua na valvu inazeeka haraka. Ndiyo yaliyomkuta yule kijana, naye alikuwa ameshuka hadi 2.

Rezista ya gridi ya skrini inaungua

Hapa kosa liko upande wa pili: mzigo mkubwa mno. Umefunga spika ya omu 16 kwenye kitoleo cha omu 8 (waya wa sekondari wenye namba hiyo), au spika ya omu 8 kwenye transfoma iliyokusudiwa omu 4. Anodi inashuka karibu kabisa na sifuri kabla gitaa halijafika kilele chake, lakini gridi ya skrini, ile ya pili iliyo ndani ya anodi, bado ina volti 300. Elektroni zinafuata penye volti nyingi. Ukitazama gizani utaona nyuzi nyembamba za skrini zinawaka rangi ya chungwa ndani ya anodi, na rezista yake inabadilika rangi. Skrini ya EL84 inastahimili wati 2 tu.

Weka rezista ya kiloomu 1 ya wati 2 au zaidi kwa kila skrini kama haipo, ila usiichukue kuwa ndiyo dawa. Dawa ni kurudisha mzigo ulipotakiwa.

Mtu akiniambia hana namna, lazima akosee upande mmoja, namwambia akosee upande wa mzigo mdogo na apunguze sauti. Mzigo mdogo unakula valvu, na valvu zinauzwa. Mzigo mkubwa unapandisha volti kwenye transfoma. Ikitoboka, utatafuta fundi wa kusuka mota mwenye subira ya kusuka tabaka nyembamba zinazopishana, na si kila mmoja anaikubali kazi hiyo.

Besi imekimbia, gitaa linalia kama redio ya mfukoni

Natumia muda mrefu kwenye tatizo hili kwa sababu wengi wetu tunaanza na transfoma za redio za kale, zile za kasha la mbao zenye EL84 moja. Ni mwanzo mzuri, lakini redio hizo zilikuwa na spika ya omu 4 au 5. Transfoma yenye uwiano wa 32 inampa EL84 kiloomu 4.1 kwa spika ya omu 4, na ukifunga spika ya gitaa ya omu 8 inampa 8.2.

Mzigo ukipanda hivyo, besi ndiyo inayoumia kwanza. Praimari ina uindaktansi wake, yaani tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo, na kwenye noti za chini uindaktansi huo unanyang'anyana sauti na mzigo. Transfoma ya henri 10 yenye mzigo wa kiloomu 5 inaanza kupoteza nguvu karibu na hezi 80, na uzi mnene wa gitaa, E ya chini, uko kwenye hezi 82. Umepata bahati, unapita mlangoni kwa kuinama. Mzigo ukiwa kiloomu 10, mpaka unapanda hadi hezi 160, na karibu oktava nzima ya chini ya gitaa imebaki nje. Kubadilisha kapasita za toni hakutairudisha. Rudisha spika ya omu 4, utaisikia besi inaingia chumbani.

Sababu ya pili ni kutumia transfoma isiyo na mwanya. Kwenye valvu moja, mkondo wa DC, kama miliampia 48 kwa EL84, unapita praimari upande mmoja muda wote, na kiini cha chuma kinajaa sumaku. Transfoma za valvu moja huachwa mwanya wa hewa, kipande cha karatasi kati ya vipande vya chuma vyenye umbo la E na vya umbo la I, ili kiini kisijae. Transfoma za pushi-puli hazina mwanya huo kwa sababu mikondo ya valvu mbili inafutana. Ukiiweka ya pushi-puli kwenye valvu moja, hesabu ya uwiano itakuwa sahihi kabisa na sauti itakuwa kavu, tena inakwaruza kwenye noti nzito. Hapo mita ya AC haitakuonyesha kosa. Tazama pembeni mwa kiini: vipande vilivyopangwa vyote E upande mmoja na vyote I upande wa pili, na mstari katikati, ndivyo vya valvu moja. Vilivyopishana kama vidole ni vya pushi-puli au vya umeme wa kawaida.

Kwenye pushi-puli pia besi hupotea pale valvu mbili zinapovuta mikondo isiyolingana. Pima kila moja kwa rezista ya omu 1 kwenye kathodi, ambapo milivolti moja ni miliampia moja. Transfoma za duara ndizo zisizovumilia kabisa tofauti hiyo.

Ukikuta redio ya Philips isiyo na transfoma ya sauti hata moja, usidhani imeibwa. Baadhi ya zile za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia spika ya omu 800 iliyoungwa kwenye valvu bila transfoma. Spika hiyo usiiunge kwenye amplifaya yako.

Inapiga yowe mara inapopata moto

Umemaliza kuunga, valvu zinapata joto, na yowe linaanza hata kidhibiti cha sauti kikiwa sifuri. Zima haraka. Chomoa ule waya wa mrejesho hasi unaotoka sekondari kurudi hatua za nyuma. Washa tena. Kama imetulia na inapiga, mrejesho wako umegeuka kuwa chanya kwa sababu fezi ya transfoma, yaani mwelekeo wa wimbi lake, imegeuka. Badilishana nyaya mbili za anodi, rudisha waya wa mrejesho, na safari hii sauti itapungua kidogo badala ya kupanda. Hapo umepatia.

Ukihamisha mrejesho kutoka kitoleo cha omu 8 kwenda cha 16, volti zake zinapanda kama mara 1.4, na amplifaya iliyokuwa inatetemeka kidogo inaweza kuanza kulia. Waya wa mrejesho ukae kwenye kitoleo kilekile, spika ndiyo ihame.

Sauti ndogo, transfoma ya moto, kila kitu kingine ni kizima

Mizunguko imegusana ndani. Kipimo cha omu hakiioni, kwa sababu mizunguko michache kati ya elfu kadhaa haibadilishi namba. Weka rezista ya kiloomu 1 kwa mfuatano na praimari, sekondari iwe wazi, peleka zile volti 12. Transfoma nzima inabaki na sehemu kubwa ya volti kwenye praimari. Iliyogusana inaziachia kwenye rezista. Ukitaka kuona mgonjwa anafananaje, gusanisha nyaya za sekondari za transfoma nzima na usome upya.

Umekosa transfoma inayolingana

Tazama nyuma ya honi za misikitini na makanisani zilizoharibika. Nyingi zina transfoma ndogo ya laini ya volti 100 yenye vitoleo vilivyoandikwa wati badala ya omu. Volti 100 zidisha kwa zenyewe, gawa kwa wati: kitoleo cha wati 10 ni kiloomu 1, cha 5 ni 2, cha 2.5 ni 4, na cha 1.25 ni 8.

Uzuri wake kwa pushi-puli ni huu: mzigo ukiwa robo, mizunguko ni nusu. Kitoleo cha wati 5 kina kiloomu 2, robo ya zile 8 za kitoleo cha wati 1.25, kwa hiyo kiko katikati kabisa. Anodi moja iende kwenye waya wa pamoja, nyingine kwenye wati 1.25, na volti za juu ziingie kwenye wati 5. Una praimari ya kiloomu 8 yenye waya wa katikati. Thibitisha kwa volti 12 kabla ya kuamini, na chagua transfoma ambayo kitoleo chake kikubwa zaidi kina wati zisizopungua za amplifaya yako. Kwa valvu moja haifai, maana haina mwanya.

Cheche kwenye soketi, fyuzi inakatika

Mara nyingi hii ni amplifaya iliyopigwa bila spika, au yenye waya wa spika uliokatika ndani ya ganda. Katika kazi ya kawaida anodi ya pushi-puli hufika karibu mara mbili ya volti za umeme wake. Mzigo ukitoweka ghafla, volti zinaruka hadi kupita 1000 na kutafuta pa kutokea. Kwenye soketi ya 6V6 au EL34, anodi ni pini ya 3 na hita (waya unaoipasha valvu moto) ni pini ya 2, jirani yake. Cheche ikipita hapo mara moja, inaacha mstari mweusi wa kaboni, na mstari huo unapitisha umeme. Kuukwangua hakusaidii. Badilisha soketi.

Kisha funga tundu la spika lenye swichi, ambalo plagi ikitoka linaunga sekondari yenyewe kwa yenyewe, kama Fender walivyofanya kwenye amplifaya zao nyingi. Ongeza rezista ya omu 470 ya wati 5 sambamba na kitoleo cha spika. Haitoshi kuwa mzigo wa kupigia, ila waya ukikatika katikati ya wimbo inakupa nafasi ya kufikia swichi. Na waya wa spika uwe waya wa spika kweli, mnene, usiwe ule mwembamba wa gitaa wenye kinga.